Bawa Tupu Katika Anga la Mara

Mkoani Mara ndege ndogo imekuwa chombo cha kazi tangu mwanzo, na Nyasura inaonyesha kwa nini. Ni kata ya mji wa Bunda, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Upande mmoja iko Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na ng'ambo yake Ukerewe, kisiwa ambacho watu wa Bunda hukifikia kwa kivuko cha Kisorya. Upande wa pili uko ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, unaofuata mito ya Grumeti na Mbalageti hadi karibu kugusa ziwa. Katikati wanaishi wakulima wa pamba, mihogo na mahindi, wafugaji na wavuvi, na tembo hawaulizi mpaka wa hifadhi uko wapi wanapoingia mashambani usiku. Mpaka wa kijiji, njia ya wanyama, shamba lililoliwa, mto uliohama mkondo: haya yote huonekana vizuri zaidi kutoka juu. Kwa hiyo swali la ndege rahisi, ambayo halmashauri au chuo cha ufundi kinaweza kuimudu, ni swali la haki kuulizwa hapa. Kuna umbo moja la ndege ambalo kwa zaidi ya miaka 100 limewaahidi wabunifu jibu la swali hilo, nalo ni bawa tupu, ndege isiyo na mkia na karibu isiyo na kiwiliwili. Nadai kwamba historia ya kuruka Afrika Mashariki inalipa umbo hilo nafasi moja na kulinyima nyingine. Ndege ndogo zilizofaa huku zilifaa kwa sababu zilitua polepole mahali pabaya na zilivumilia mzigo wa kila namna. Bawa tupu lililobeba mtu hupungukiwa na sifa zote mbili. Likibeba kamera peke yake, upungufu huo hauna uzito tena.

Ahadi yenyewe si ya kubeza. Katika ndege ya kawaida bawa ndilo linaloinua, na vilivyobaki ni mzigo unaoburutwa hewani. Ukiondoa mkia na kiwiliwili unapunguza uzito, unapunguza msuguano wa hewa, na fundi anabakiwa na vipande vichache vya kukata, kugundisha na kukagua. Mwingereza John William Dunne alionyesha mapema kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1910, kwenye ndege yake isiyo na mkia yenye mbawa zilizorudishwa nyuma, aliachia usukani mbele ya mashahidi, akaandika kwenye karatasi huku ndege ikijishikilia yenyewe angani. Ndugu wawili wa Kijerumani, Walter na Reimar Horten, waliendeleza wazo hilo kwa nyiririzi zao, ndege zisizo na injini, kuanzia miaka ya 1930. Mfaransa Charles Fauvel alirusha mwaka 1951 nyiririzi yake ya AV.36, bawa la mbao la mtu mmoja, na michoro yake ikauzwa kwa watu waliotaka kujijengea nyumbani. Huko Marekani, Don Mitchell naye aliwabunia wajenzi wa nyumbani mbawa nyepesi zenye injini ndogo katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa hiyo anayependekeza ndege nyepesi ya bawa tupu hatoi ndoto mpya. Ana ukoo mrefu nyuma yake, na ukoo huo umetoa ndege zilizoruka vizuri.

Lakini ndege hizo zilibuniwa katika hewa ya Ulaya na Marekani, na Afrika Mashariki ilionyesha mapema sana kwamba hewa yake ina masharti mengine. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza wakahitaji ndege za kuitafuta kati ya mikoko. Mapema 1915 zililetwa ndege mbili za majini za Sopwith. Joto la pwani likaziumbua: gundi ya viungo ililegea, mapanga yakapasuka, injini zikakosa nguvu za kuinua rubani pamoja na mtazamaji wake. Ilibidi ziletwe nyingine, na hatimaye zikaletwa ndege za magurudumu zilizoruka kutoka uwanja uliosafishwa katika kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo iliangamizwa kwa mizinga iliyoelekezwa kutoka angani. Kazi yote ile ilifanyika usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na nchi ya Bunda iko juu kidogo ya hapo. Katika mita 1,200, mchana wa nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ambayo wabunifu hutumia kama kipimo, yaani ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Ndege inayoweza kutua kwa kilomita 60 kwa saa katika hewa ya kipimo itahitaji takriban kilomita 66 hapa, na injini yake itavuta hewa pungufu kila inapozunguka. Kila udhaifu wa kutua alionao mbunifu kwenye karatasi unakuja Mara ukiwa umeongezeka.

Na kutua ndipo bawa tupu linapolipia urahisi wake. Bawa la kawaida lina tabia ya kuinamisha pua ya ndege, na mkia ulioko mbali nyuma huizuia kwa nguvu ndogo tu. Rubani anapokaribia kutua huteremsha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, ili bawa liinue zaidi kwa mwendo mdogo. Pua inataka kuinama zaidi, na mkia unaisawazisha. Ndege isiyo na mkia haina kitu cha mbali cha kuishikilia. Vibao vyake vya kuinua pua viko kwenye bawa lenyewe, na ili pua iinuke lazima vikunjwe juu, jambo linalopunguza nguvu ya kuinua wakati ule ule inapohitajika kuliko wakati wowote. Flapu za kawaida nazo karibu hazitumiki, maana hakuna wa kuzisawazisha. Mbunifu anabaki na njia mbili: kulifanya bawa kuwa kubwa zaidi, hapo akipoteza sehemu ya wepesi alioutafuta, au kukubali kutua kwa kasi. Tatizo la pili ni mzigo. Ndege yenye mkia mrefu huvumilia kitovu cha uzito kikisogea mbele au nyuma kidogo. Bawa tupu huruhusu nafasi finyu mno. Ndege ya wilaya leo hubeba muuguzi na sanduku la chanjo, kesho mgonjwa aliyelazwa, keshokutwa askari wa hifadhi na magunia yake. Chombo kinachodai kila kilo ikae mahali pake hakikubuniwa kwa maisha hayo.

Tukizitazama ndege zilizojenga jina katika kanda hii, tunaona karibu zote zilikuwa kinyume cha bawa tupu. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth, ndege ya mbao na kitambaa yenye mbawa mbili za kupandana, iliyoruka polepole na kutengenezeka kwa zana za kawaida za karakana. Madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha mwaka 1957 shirika tunaloliita leo Amref, huduma yao ya madaktari warukao ilitegemea ndege zinazoweza kushuka kwenye kiwanja cha nyasi karibu na hospitali ya misheni. Katika hifadhi ya Tsavo nchini Kenya, Piper Super Cub ilikuwa chombo cha kila siku cha wahifadhi. Leo wageni wa Serengeti hushuka Seronera na Grumeti kwa Cessna Caravan, yenye flapu kubwa na mkia mrefu. Hata Musoma, makao makuu ya mkoa, palitumia uwanja wa changarawe kwa muda mrefu. Hakuna aliyezichagua ndege hizi kwa uzuri wa umbo. Zilichaguliwa na viwanja vyenyewe, vifupi, vyenye mashimo, matope ya masika na swala katikati.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea ndani ya mfumo huu huu wa ikolojia ambao Bunda imepakana nao. Mwishoni mwa 1957 Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt na mwanawe Michael walileta Serengeti ndege aina ya Dornier Do 27, waliyoipaka michirizi ya pundamilia ili ionekane kwa urahisi kama ingeanguka porini. Do 27 ilikuwa na bawa juu ya chumba cha abiria, flapu kubwa, magurudumu magumu na mkia mkubwa. Ilibuniwa kwa ajili ya kutua penye nafasi ndogo. Baba na mwana walijifunza urubani kwa ajili ya kazi hiyo. Wakiruka chini kwa mistari waliyoipanga, walihesabu kwa macho wanyama 366,980, wakiwamo nyumbu 99,481. Walitaka kujua makundi yanapita wapi kabla mipaka ya hifadhi haijabadilishwa, kwani hadi hapo mipaka ilichorwa bila mtu kuufahamu mzunguko mzima wa uhamaji. Swali hilo lingali mlangoni mwa vijiji vya Bunda: mnyama apite wapi, na mkulima alime wapi.

Hesabu yao ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ina maana kubwa kwa hoja yangu. Mwaka 1961 watafiti wengine walihesabu nyumbu kwa picha zilizopigwa kutoka angani badala ya macho ya watu, wakapata zaidi ya 220,000. Idadi yenyewe ilikuwa inaanza kupanda, kwa kuwa sotoka ilikuwa inadhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe pembezoni mwa hifadhi. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja. Lakini tofauti kubwa kiasi hicho kati ya 1958 na 1961 haielezwi na kuzaana peke yake. Jicho linapopita juu ya kundi kubwa kwa sekunde chache hukadiria, tena mara nyingi hukadiria pungufu. Picha inasubiri, inarudiwa kutazamwa, inahesabiwa na watu wawili wakalinganisha. Tangu wakati huo, kitu cha thamani kilichobebwa na ndege ndogo juu ya Serengeti kilikuwa kamera. Rubani na kiti chake vilikuwa gharama ya kuifikisha kamera mahali pake.

Gharama hiyo wakati mwingine ilikuwa uhai. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek alikuwa peke yake katika Do 27 alipogongana na tumbusi. Bawa la kulia liliharibika, nyaya za uongozaji zikakwama, ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Januari 2016, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa kwa risasi akiwa kwenye helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa, kusini-magharibi mwa Serengeti, akifuatilia majangili waliokuwa wameua tembo. Vifo viwili hivi vimetenganishwa na miaka 57, chombo tofauti na sababu tofauti, lakini wote wawili walikuwa angani ili waone kilichoko chini. Mtu anayezungumzia unafuu wa ndege na kuacha jambo hili nje ya hesabu hajamaliza hesabu.

Ndipo bawa tupu linaporudi kwenye hoja yangu, safari hii likiwa dogo. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa droni aina ya eBee iliyotengenezwa Uswisi. Vijana wa Zanzibar wenyewe walifundishwa kuirusha. eBee ni bawa la povu lisilo na mkia, upana wake sentimita 96, uzito wake kama robo tatu ya kilo. Panga liko nyuma, kamera imezama tumboni, na vibao viwili vya ukingo wa nyuma ndivyo vinavyoiongoza. Mrushaji huishika mikononi, huitikisa ili injini iwake, kisha huitupa mbele. Inapanda, inafuata mistari iliyopangwa kwenye kompyuta kwa muda wa hadi dakika 50, inarudi na kuteleza kwa tumbo kwenye nyasi. Mbawa zake huchomolewa, na iliyovunjika hubadilishwa. Dar es Salaam nayo ilitumia picha za droni za namna hiyo katika mradi wa Ramani Huria, ambako wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora ramani za maeneo yanayofurika.

Tazama sasa kilichotokea kwa udhaifu wote nilioutaja. Kutua kwa kasi hakuna madhara, kwa sababu chombo cha robo tatu ya kilo kinapogusa ardhi kwa mita 10 kwa sekunde hubeba nishati ya mwendo iliyo chini ya sehemu moja ya 1,000 ya ile ya ndege ya kilo 300 inayotua kwa kilomita 66 kwa saa. Kiwanja hakihitajiki, uwanja wa mpira wa shule unatosha. Kitovu cha uzito hakisogei, kwani mzigo ni kamera ile ile katika tundu lile lile kila siku. Usawazishaji wa pua, uliowasumbua wabunifu kwa vizazi, unafanywa na kompyuta ndogo mara nyingi kwa sekunde. Kilichobaki ni faida tu: vipande vichache, msuguano mdogo, muda mrefu angani kwa betri ndogo. Umbo lililokuwa ghali kwa mwenye kubeba watu limekuwa nafuu kwa mwenye kubeba macho.

Wapo watakaopinga kwa kutaja maikrolaiti, ile tiara kubwa ya kitambaa yenye kiti, injini na magurudumu matatu chini yake. Hiyo nayo haina mkia, inabeba mtu, inatua polepole na ni miongoni mwa vyombo vya bei ya chini kabisa angani. Pingamizi hili ni la kweli, na lazima likubaliwe: bawa la kitambaa lililotokana na kazi ya Mmarekani Francis Rogallo limefanya ambalo mbawa ngumu za mbao zilishindwa kulifanya. Lakini limefanya hivyo kwa kubadili masharti ya kazi. Rubani huiongoza kwa kusogeza uzito unaoning'inia chini ya bawa, na uwezo huo una kikomo hewa inapochafuka. Kwenye mbuga ya Mara, kuanzia saa nne asubuhi, ardhi iliyopata joto hupandisha pepo zenye nguvu, zile zile zinazowainua tumbusi. Maikrolaiti ni chombo cha alfajiri na jioni. Kwa doria fupi inafaa. Kwa mgonjwa anayehitaji kuondolewa saa nane mchana haifai.

Wengine watasema kompyuta hiyo hiyo inayoiongoza eBee inaweza kuwekwa kwenye bawa kubwa lenye mtu. Inaweza. Kampuni ya Northrop, iliyoanza kujaribu mbawa tupu mwaka 1940 na ambayo ndege yake ya YB-49 ilianguka mwaka 1948 na kuua watu watano, ilifanikiwa hatimaye na B-2 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1989 ikiongozwa na kompyuta. Lakini mfumo unaoaminika kushikilia maisha ya mtu lazima uwe na akiba yake, ukaguliwe na uidhinishwe, na hapo neno rahisi limeshaondoka kwenye jina la ndege. Historia ina onyo jingine kwa wanaokimbilia ndege ya kila mtu. Mfaransa Henri Mignet alirusha mwaka 1933 ndege yake ndogo ya HM.14, akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kuijenga, na wengi wakaijenga. Ilikuwa na rubani na injini ndogo, haikuwa na mkia wa kawaida wa kusawazisha pua. Ikaonekana kwamba ikiinama kupita kiasi hewa ya kati ya mbawa zake mbili huizuia kuinuka tena. Watu walikufa, na mwaka 1936 ikapigwa marufuku Ufaransa na Uingereza. Mignet alikuwa mkweli na mwenye nia njema. Nia njema haikuiinua pua ya ndege.

Pingamizi zito kuliko yote ni la heshima: kwamba kuwaambia vijana wa Tanzania waanze na bawa la povu ni kuwapa mwanasesere, na kuwaachia wengine ndege za kweli. Sikubali. Mjini Morogoro kampuni ya Airplanes Africa Limited imekuwa ikiunda Skyleader 600, ndege ya viti viwili yenye asili ya Ucheki, na ndege hiyo ina mkia wa kawaida. Anayetaka kubeba watu ana njia iliyo wazi, na haipiti kwenye bawa tupu. Upande wa pili, ramani si mwanasesere kwa kijiji chenye mgogoro wa mpaka. Kweli, droni si za aina moja. Za mapanga manne zimejaribiwa pembezoni mwa hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwamo, kuwafukuza tembo mashambani, na kwa kazi hiyo ya dakika chache zinalishinda bawa, kwa sababu zinaweza kusimama hewani. Mwaka 2018, droni iliyopaa wima kisha ikaruka kwa mbawa ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Bawa tupu lina kazi yake mahususi, nayo ni kutazama eneo pana kwa gharama ndogo. Ni kazi ile ile iliyowaleta Grzimek na mwanawe.

Kasoro ya kweli ya eBee ni kwamba bawa lake, programu yake na betri yake vyote hutoka nje, na kifaa kikiharibika nje ya udhamini kinaweza kukaa kabatini. Hapo ndipo kazi ya kubuni inapobaki kwetu. Povu linakatwa kwa waya wa moto, ukingo wa mbele unaimarishwa kwa mwanzi au fito za nyuzi za kaboni, na programu za uongozaji zilizo huru kwa umma zipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha matengenezo ya ndege, na vyuo vya ufundi vina karakana. Kibali cha kurusha hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa masharti ya usalama, na hakuna sababu ya kuyakwepa masharti hayo. Chuo chenye jina na mpango wa kazi kina nafasi nzuri ya kuyatimiza kuliko mtu mmoja mmoja. Rai yangu kwa vyuo hivyo, na kwa halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma, ni hii: acheni ndege ya abiria isiyo na mkia, kwa kuwa swali lake limeshajibiwa. Tengenezeni bawa la kamera linaloweza kurushwa kutoka uwanja wa shule ya Nyasura na kutengenezwa na fundi wa Bunda, na picha zake zikabidhiwe kwanza kwa vijiji vilivyopigwa picha.